Kulala hoteli ya nyota tano Dubai ukiwa safari ya kazi

Mfanyabiashara anayekwenda Dubai kufunga mzigo anajua pa kulala: Deira, karibu na Naif, chumba safi cha bei ya kati, na asubuhi anatoka kwa miguu hadi dukani. Huyo hahitaji ushauri wangu. Mwongozo huu ni wa yule aliyetumwa na ofisi kwenye maonyesho au kikao, au mwenye kampuni yake ndogo anayekwenda kuonana na wasambazaji wanaopima mtu kwa mahali alipofikia. Mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kuingia ukumbi wa marumaru, na hakuna aliyemweleza mambo yanavyokwenda.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Hoteli ya namna hii kwenye safari ya kazi inakuuzia muda na utulivu. Ukiitumia hivyo, bei yake inatetewa hata mbele ya mhasibu mkali. Ukiitumia kuonja kila kilichowekwa mbele yako, ankara ya siku ya mwisho itakuumiza.

Hatua ya 1: Angalia ramani kabla ya kuhesabu nyota

Dubai ni mji mrefu uliojinyoosha kando ya bahari. Kutoka Deira hadi Jebel Ali ni zaidi ya kilomita 35, na Barabara ya Sheikh Zayed asubuhi haina huruma. Kwa hiyo anza kwa kuuliza: kazi yangu iko wapi?

Vikao vya benki, mawakili na kampuni za uwekezaji viko DIFC, mtaa wa fedha wa Dubai, kwa hiyo tafuta hoteli karibu na vituo vya metro vya Financial Centre au Emirates Towers. Maonyesho makubwa kama Gulfood ya vyakula na GITEX ya teknolojia yamejijengea jina kwenye Dubai World Trade Centre, ila siku hizi mengine hufanyika Expo City, upande mwingine kabisa wa mji. Soma tiketi yako vizuri kabla hujalipia chumba. Anayeshughulika na bandari au eneo huru la Jebel Ali alale upande wa Marina. Anayefuata magari yaliyotumika Ras Al Khor au bidhaa za Kichina Dragon Mart, kulala ufukweni ni kujitafutia nauli za teksi tu.

Palm Jumeirah ni pazuri, sibishi. Lakini ni mahali pa likizo. Ukilala kule na kikao chako kiko DIFC saa tatu asubuhi, utaamka alfajiri kama mtu wa Mbagala anayewahi kazi Posta, tofauti ni kwamba wewe umelipa zaidi.

Sharjah nayo ina hoteli nzuri kwa bei nafuu, na wengi huvutiwa. Foleni ya asubuhi kutoka Sharjah kuingia Dubai inaweza kumeza saa nzima na zaidi. Kwa mtu wa vikao siishauri.

Neno moja kuhusu nyota. Usidanganywe na matangazo ya "nyota saba". Burj Al Arab, ile iliyojengwa kama tanga la jahazi na kufunguliwa mwaka 1999, ndiyo iliyozushiwa sifa hiyo, na rasmi ni ya nyota tano. Upande wa pili, kuna nyota tano nyingi za katikati ya mji ambazo Juni hadi Septemba, joto likipita nyuzi 40, hushusha bei hadi karibu na nyota nne za majira ya baridi. Novemba hadi Machi ndiyo miezi ghali, na wiki ya maonyesho makubwa bei hupanda bila aibu. Kama tarehe za safari ziko mikononi mwako, sogeza kikao wiki moja mbele au nyuma ya maonyesho, utaona tofauti.

Hatua ya 2: Viza kwanza, chumba baadaye

Wenye pasipoti za kwetu wengi tunahitaji viza ya Emirati, yaani Umoja wa Falme za Kiarabu, kabla ya kupanda ndege. Sasa, tovuti za hoteli zitakuonyesha bei mbili: ya chini isiyorudishwa hata ukifa, na ya juu kidogo inayokuruhusu kufuta hadi siku moja au mbili kabla. Kabla viza haijatoka, chukua ile inayofutika. Kiasi unachookoa kwenye bei isiyorudishwa hakifai kuwekewa rehani neno la afisa ambaye hujamwona.

Jina kwenye nafasi uliyoweka lifanane na la pasipoti. Sisi tuna majina matatu, na mifumo ya hoteli imezoea mawili. Andika la kwanza na la mwisho kama yalivyo kwenye pasipoti, na usitumie jina la utani au la ndoa ambalo halijaingia kwenye hati. Pale mapokezi kila mgeni mzima wa chumba hicho huombwa pasipoti. Kama mwenzako wa kazi atalala chumba hichohicho, jina lake liwemo tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Isome bei hadi mwisho

Hapa ndipo bajeti nyingi za safari huharibika, tena kabla msafiri hajaondoka nyumbani.

Hoteli ikikutumia bei kwa barua pepe, tazama kama mwishoni kuna alama mbili za kujumlisha, hivi: 600++. Maana yake ada ya huduma na kodi hazijaingizwa. Dubai kawaida huwa ada ya huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7, na VAT asilimia 5 iliyoanza Januari 2018. Juu yake kuna dirhamu ya utalii, ambayo kwa nyota tano ni dirhamu 20 kwa kila chumba kwa kila usiku.

Tupige hesabu. Chumba cha dirhamu 600 ukikiongezea asilimia 22 kinafika 732. Weka 20 ya utalii, 752. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola 1 ni dirhamu 3.67, kwa hiyo chumba ulichokiandika ofisini kuwa dola 163 kinakugharimu kama dola 205. Ukilala siku nne, nyongeza peke yake inapita bei ya usiku mmoja uliotangaziwa. Hoteli nyingine hutoza kodi juu ya ada ya huduma, na jumla inapanda kidogo tena. Swali la kuandika kwenye barua pepe ni moja: jumla yote, pamoja na kodi na ada zote, kwa siku zote, ni dirhamu ngapi? Jibu lao ulichapishe ulibebe. Tovuti za kuwekea nafasi nazo zina tabia ya kuiacha dirhamu ya utalii ilipwe hotelini, hata pale zinapokuambia umeshalipa kila kitu.

Je, bei inajadilika? Pale mapokezi, usiku, begi mkononi, hapana. Wiki mbili kabla, kwa barua pepe kwa idara yao ya mauzo, ndiyo. Usianze kwa kulia bei kama uko Kariakoo. Waambie ni kampuni gani, mnakuja wangapi, na kama mtarudi tena mwaka huu, halafu omba bei ya kampuni. Wakigoma kushusha, omba kifungua kinywa kiingizwe, au kutoka kwa kuchelewa siku ya mwisho. Hoteli hupenda kutoa vitu kuliko kupunguza tarakimu, na kifungua kinywa cha nyota tano, ukikilipia peke yake, si mchezo.

Hatua ya 4: Kadi na dhamana

Chumba kinaweza kuwa kimelipwa chote na ofisi, na bado mapokezi wakakuomba kadi. Hawakuibii. Wanataka dhamana ya vile utakavyotumia: chakula, dobi, simu, jokofu dogo. Kiasi hutofautiana, nyingi huomba dirhamu mia kadhaa kwa kila usiku, na kwa siku tano inakuwa fedha ya kueleweka. Hoteli haiichukui. Inaiomba benki yako iizuie, na ukiondoka bila deni wanaiachia.

Kwa mwenye kadi ya mkopo hilo ni jambo dogo. Wengi wetu tuna kadi ya debiti, iliyounganishwa moja kwa moja na akaunti ya mshahara, na fedha ikizuiwa ni kama imeondoka: hutaiona, hutaitumia, na kurudi kwake huchukua siku kadhaa, kwa benki nyingine wiki mbili au zaidi. Ukipanga kununua vitu Deira kwa akaunti hiyohiyo, utakwama kaunta ukiwa na pesa zako mwenyewe. Kwa hiyo:

Tenga akaunti au kadi moja ya dhamana peke yake. Kabla ya kusafiri nenda benki, waombe wafungue matumizi ya nje ya nchi na wapandishe kikomo cha siku, kwa sababu kikomo cha kawaida kinaweza kuwa kidogo kuliko dhamana. Muulize ofisa wa benki dhamana ya hoteli huachiwa baada ya siku ngapi kwao. Kadi iwe ya kushika mkononi na yenye jina lako. Kadi pepe za kwenye simu, kama zile za M-Pesa, zinafaa kulipia mtandaoni, ila usiziegemee mbele ya mapokezi. Hoteli nyingine hukubali dhamana ya fedha taslimu. Uliza mapema, na ukitoa, risiti yake itunze kama pasipoti.

Kama bosi amelipa kwa kadi yake na yeye hayupo, hoteli itamtaka ajaze fomu ya idhini ya kadi. Fomu hiyo imalizwe kabla hujapanda ndege. Usiku wa manane bosi amelala, na hoteli haitakupa ufunguo kwa kusikia sauti yake tu.

Halafu mashine ya kadi. Wakati wa kulipa inaweza kukuuliza: ulipe kwa dirhamu au kwa sarafu ya kwenu? Inaonekana ni ukarimu. Chagua dirhamu. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na wenye mashine, na hakipangwi kwa faida yako.

Hatua ya 5: Begi

Soketi za Dubai ni za pini tatu bapa, kama za Kenya, Uganda na Tanzania, na umeme ni uleule. Anayetoka Bujumbura au Kinshasa na plagi za pini mbili za duara abebe adapta. Beba sweta hata kama ni Julai: nje ni tanuri, lakini viyoyozi vya kumbi za mikutano vinaweza kukugandisha vidole.

Dawa ni jambo zito. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, na nyingi za usingizi na wasiwasi, ziko chini ya udhibiti Emirati na zinahitaji kibali cha serikali yao kabla ya kuingia nazo. Kibali huombwa mtandaoni. Dawa nyingine zibaki kwenye pakiti zake, na karatasi ya daktari iwe nazo. Na miraa, mirungi, iite unavyotaka: kule ni dawa ya kulevya kisheria. Hata majani makavu yaliyosahaulika mfuko wa pembeni wa begi yasiwepo. Kama begi ni la kuazima, litikise.

Hatua ya 6: Kuwasili

Dubai iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Hoteli nyingi hutoa vyumba saa tisa alasiri na kutaka uondoke saa sita mchana. Ukiandikiana nao tumia mtindo wa saa 24, maana "saa tatu" yako na yao zimepishana kwa saa sita.

Tatizo ni ndege zinazotua usiku wa manane au alfajiri. Ukitua saa kumi alfajiri ya tarehe 10 na umeweka nafasi kuanzia tarehe 10, chumba chako kitakuwa tayari alasiri. Una njia tatu. Lipia usiku wa tarehe 9, uwaandikie wazi kwamba utafika alfajiri ili wasikuhesabu mtu asiyetokea na kukufuta. Au omba kuingia mapema. Wakiwa na nafasi huenda wakakupa, kwa malipo au bila. Au waachie mabegi, uoge kwenye bafu za sehemu ya mazoezi, ubadilishe nguo, uende kikaoni. Hiyo ya tatu ni bure, na hoteli za kifahari huifanya kwa moyo mkunjufu ukiomba. Kama una kikao asubuhi hiyohiyo na kinahusu fedha nyingi, lipia usiku wa nyuma. Usingizi wa saa tatu ni mtaji.

Kutoka uwanjani, metro inafika Terminal 1 na 3. Terminal 2, inayotumiwa sana na flydubai, haina kituo. Metro haikeshi, kwa hiyo wanaotua usiku sana watategemea teksi, ambayo kutoka uwanjani huanza na dirhamu 25 na huongeza ada za barabara za Salik. Gari la hoteli ni zuri, linakungoja na jina lako, na bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya teksi. Ofisi ikilipa, sawa.

Pale mapokezi sema mambo matatu kabla hujapewa ufunguo. La kwanza, chumba kiwe mbali na lifti na upande usiotazama ujenzi. Dubai daima kuna ujenzi. La pili, unataka ankara mbili tangu sasa: moja ya chumba kwa jina na anwani ya kampuni, nyingine ya matumizi yako binafsi. Kutenganisha siku ya kwanza ni kubonyeza tu, kutenganisha siku ya mwisho huku teksi inangoja ni vita. La tatu, na hasa kwa wanawake wanaosafiri peke yao: namba ya chumba iandikwe, isitamkwe mbele ya watu. Mhudumu akiitamka, omba chumba kingine. Ni ombi la kawaida na hawatakushangaa.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Maji ya chupa yaliyowekwa kando ya kitanda au bafuni, yenye kikaratasi cha makaribisho, ni ya bure, na ukiomba zaidi huletwa. Chupa ya kioo iliyokaa kifahari juu ya jokofu dogo ni ya kununua. Jokofu lenyewe liache lilivyo. Kwenye hoteli nyingine lina vihisio, ukiinua chupa kusoma maandishi mfumo umeshakuandikia deni. Ukiwa na dawa ya kuhifadhi kwenye ubaridi, waombe walitoe vitu au wakuletee jokofu tupu.

Dobi la hoteli hutoza kwa kila nguo, soksi nayo ni nguo. Mashati ya kikao yanyooshe mwenyewe. Pasi na ubao viko kabatini, visipokuwepo piga simu vije. Kama safari ni ndefu, madobi wa Deira na Bur Dubai wanafanya kazi nzuri kwa sehemu ndogo ya bei.

Kwa Waislamu, mshale wa kibla huwa darini au ndani ya droo, na mswala unaletwa ukiomba. Kwenye meza za chakula, nyama ya nguruwe ikiwepo hutengwa na kuandikwa. Ramadhani migahawa ya hotelini huendelea kuhudumia mchana, ila vikao vya ofisini hufupishwa; panga ratiba yako kwa kujua hilo.

Pasipoti iweke kwenye sefu ya chumbani na utembee na nakala. Simu ya mezani ni ya kuita mapokezi, si ya kupiga Nairobi.

Na kuhusu simu kuna jambo linalowakwaza watu wetu kuliko yote: kupiga kwa WhatsApp, sauti na video, kumezuiwa Emirati. Ujumbe wa maandishi na wa sauti hupita vizuri, simu hazipiti. Usikae ukiilaumu intaneti ya hoteli. Waambie wa nyumbani mapema, na wewe na wao mpakue Botim, programu ya kupiga simu ambayo ina leseni kule. Kwa vikao, Teams na Zoom hutumika. Kuna watakaokunong'oneza utumie VPN. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2021 inaadhibu anayeitumia kukwepa sheria, na safari ya kazi si mahali pa kujaribu bahati.

Hatua ya 8: Igeuze hoteli kuwa ofisi

Watu hulipia nyota tano kisha wanakodi chumba cha mkutano mahali pengine. Ukumbi wa chini wa hoteli yako ni mahali pazuri pa kuonana na msambazaji: ni tulivu, una ulinzi, na kahawa mbili, hata zikiwa ghali, ni nafuu kuliko kukodi ofisi kwa saa moja. Fika dakika kumi kabla, chagua meza isiyo njiani, mwambie mhudumu ankara ije kwako na isiletwe mezani mbele ya mgeni. Mgeni wako asipande chumbani kwa mazungumzo ya biashara. Haipendezi, na hoteli nyingi zitataka kumwandikisha.

Vikao vipange kwa kujua wiki ya kule. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki ya serikali ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Ofisi nyingi binafsi zimefuata. Sharjah serikali yao hupumzika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mkataba unaotaka saini usiuache hadi Ijumaa.

Kifungua kinywa, kama kimo kwenye bei, kifanye kazi. Nenda mapema kabla umati wa maonyesho haujashuka, kula sawasawa, na mchana utapita na kitu kidogo. Usifunge vyakula kwenye leso ukaondoka navyo, wanaona, hawasemi. Jioni, kama posho ya safari ni ya kubana, vuka Khor Dubai, mkono wa bahari ulioko katikati ya mji, kwa abra, yaani boti ndogo ya abiria yenye nauli ndogo, ule wali wa nyama Deira na chai ya karaki, kisha urudi kulala kwenye mashuka yako ya kifahari. Hakuna aibu yoyote kwenye mpango huo, ni akili.

Kupiga picha, jipige mwenyewe. Kuwapiga wageni wengine picha au video bila ridhaa yao ni kosa kisheria, kwa hiyo kurusha laivu ukumbini au kwenye bwawa tuwaachie wanaotafuta kesi. Kama huduma imekukera, muite meneja wa zamu, umweleze kwa utulivu, na mara nyingi utatengenezewa papo hapo. Matusi mtandaoni kule huweza kukufikisha polisi.

Hatua ya 9: Wahudumu, wengine ni wa kwetu

Usishangae mlinzi au mhudumu wa mgahawa akikujibu kwa Kiswahili. Wakenya na Waganda wako wengi kwenye hoteli za Dubai, na mzee wa Kiomani aliyekaa ukumbini anaweza kuwa mzaliwa wa Unguja anayekusikia kila neno. Chunga basi unachosema ukidhani hueleweki.

Salimiana nao vizuri, muulize hali, mpe heshima ya kazi yake. Usimgeuze jamaa wa kukufanyia mambo ya mlango wa nyuma: kukupitishia mtu kwenye kifungua kinywa, kukupunguzia ankara, kukufichia mgeni. Kazi yake na kibali chake cha kukaa vimefungwa kwa mwajiri huyohuyo. Wewe unaondoka Alhamisi, yeye anabaki na maswali.

Bakshishi si lazima, na ada ya huduma imo kwenye ankara. Hata hivyo haina hakika ya kumfikia aliyebeba begi lako. Dirhamu 5 au 10 mkononi mwa mbeba mizigo zinatosha, na kitu kidogo chumbani kwa anayetandika. Badilisha noti ndogo mapema, maana kumpa mtu noti ya 200 na kungoja chenji kunawatia wote haya.

Hatua ya 10: Kuondoka

Usiku wa kuamkia kuondoka, omba wakuletee ankara ya muda. Ipitie mstari kwa mstari ukiwa umetulia: jokofu, mgahawa, dobi, gari. Kosa likionekana usiku huo linafutwa kwa simu moja. Hapohapo omba kutoka kwa kuchelewa kama ndege ni ya jioni. Saa nane mchana hutolewa mara nyingi bila malipo hoteli isipojaa, ila anayeomba asubuhi yenyewe hukuta wengine wamewahi. Ukikosa, waachie mabegi na uendelee na shughuli.

Mzigo wa biashara usiurundike chumbani. Maboksi ya Deira yakabidhi kwa mtu wa kago hukohuko, hoteli ya namna hii haipendi kuona matoroli ya katoni yakipita ukumbini.

Ankara ya mwisho iwe na jina la kampuni na ionyeshe salio sifuri. VAT ya hoteli hairudishwi kwa mgeni. Ya bidhaa ulizonunua hurudishwa, kama duka limo kwenye mpango huo na ulitumia angalau dirhamu 250: onyesha pasipoti wakati wa kununua, na uwanjani pitia kwanza mashine za marejesho kabla hujakabidhi mabegi, kwa sababu wanaweza kutaka kuona mali.

Ukifika nyumbani, iangalie akaunti yako kwa wiki mbili tatu. Dhamana ikiwa bado imezuiwa, iandikie hoteli iombe benki yao iiachie, uambatishe ankara ya salio sifuri, na nakala umpelekee ofisa wa benki yako. Ukiona tozo mpya usiyoitambua, barua pepe ni hiyohiyo, ila safari hii uombe na karatasi uliyoweka saini.